Cherehani kinachogoma siku za ukungu

Simu iliingia magharibi, mwezi wa sita. Baada ya shikamoo na marahaba, shangazi hakuzunguka: cherehani chake kimegoma. Alikuwa amehama Tanga mjini mwezi wa pili, akapanda Lushoto kuishi na binti yake, na cherehani akaenda nacho. Meza na miguu vilipanda kwenye keria la basi. Kichwa alikipakata mwenyewe safari nzima kama mtoto mchanga. Kilifika salama. Kikashona vizuri Machi, kikashona vizuri Aprili. Kisha kikaanza visa.

"Siku nyingine kinakwenda kama zamani," akasema. "Siku nyingine nakanyaga pedeli mpaka goti linalia. Na kikikubali kuzunguka, kinaruka. Natazama mshono naona vitanzi viwili, pengo, kitanzi kimoja, pengo tena."

Mimi sina duka wala meza stendi. Nilijifunza kufungua vyerehani barazani kwa mjomba, na tangu hapo kila cherehani kinachougua kwenye ukoo hutafutiwa dawa kwangu, bure. Hiki nakieleza kirefu kwa sababu ndani yake zimo karibu mbinu zote za nyumbani ambazo washonaji hurithishana, na ile iliyoleta balaa ilikuwa imefanya kazi miaka mingi bila kosa lolote.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa mfarishi wa viraka wa mjukuu. Zamani pwani mfarishi ulijazwa sufi. Huu wa shangazi ulikuwa na tabaka tatu: juu viraka vya vitenge na kanga zilizochakaa pindoni lakini nzima katikati, chini shuka, na katikati blanketi kuukuu, kwa kuwa Lushoto usiku wa Juni hakuna anayedharau blanketi. Kitanda ni cha futi nne kwa sita, yaani kama sentimita 122 kwa 183. Alipanga mfarishi wa sentimita 150 kwa 210 ili uning'inie pembeni. Kila kiraka kikimalizika kiwe na sentimita 15, hivyo viraka 10 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 140. Viraka vyote alikuwa ameshaviunga. Alikuwa ameanza kushona tabaka tatu pamoja ndipo cherehani kikamkatalia.

Kwa hiyo familia nzima ilikuwa na jibu: blanketi. Cherehani cha watu kimezoea sare za shule, unakitwisha godoro!

Washukiwa wengine walikuwa wawili. Fundi mmoja wa mjini aliitwa, akatazama, akatamka neno ambalo mafundi hulitamka wanapotaka mteja anyamaze: taimingi, yaani sindano na ndoana ya chini hazikutani kwa wakati wake. Halafu akasema mkanda umelegea, akaukata, akaufupisha, akaondoka na hela yake. Baada ya hapo pedeli ikawa nzito zaidi. Mshukiwa wa tatu alikuwa mjukuu mwenyewe, binti wa darasa la tatu, aliyeshitakiwa kwamba amechezea kile kijigurudumu cha kukaza uzi. Alikana.

Nilikuwa mbali, basi nikafanya uchunguzi kwa simu. Kwanza nikamwomba shangazi achukue kitambaa chepesi cha pamba, akikunje mara mbili tu, ashone mstari mmoja siku ambayo cherehani kimegoma. Kikaruka vilevile. Blanketi likapunguziwa shitaka, ingawa halikuachiwa huru, tutarudi kwake. Taimingi nayo niliitilia shaka tangu mwanzo. Kwenye vyerehani hivi vyeusi vya chuma, ndoana inayonasa uzi chini ya sindano inaendeshwa na vyuma vilivyofungwa kwa skrubu na pini. Hakuna mkanda wa mpira ndani unaoweza kuruka jino. Taimingi haipotei hivihivi mpaka mtu alegeze kitu au sindano igonge chuma kwa nguvu. Na ikipotea, imepotea. Haiwezi kupotea Jumatatu ikarudi Jumatano.

Hilo la siku ndilo lililonishika. Nikaomba mjukuu apewe kazi: kila siku aandike kwenye kalenda ya ukutani neno moja, *kimeshona* au *kimegoma*. Basi. Baada ya siku kumi nikampigia anisomee. Akasoma: "Jumatatu, ukungu, kimegoma. Jumanne, ukungu asubuhi, jua mchana, kimeshona mchana. Jumatano, jua, kimeshona. Alhamisi, ukungu na manyunyu, kimegoma…" Nikamuuliza nani kamwambia aandike hali ya hewa. Akajibu, shuleni wanafundishwa, wakiandika tarehe wanaandika na hali ya hewa.

Siku tano za ukungu, migomo mitano. Wiki iliyofuata nilipanda basi.

Ukitoka Mombo kupanda Lushoto unaacha joto bondeni. Kona ni nyingi, Soni iko njiani, na ukifika juu uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Nilifika jioni na koti nililolibeba kwa kejeli nikalivaa kwa heshima. Cherehani kilikuwa chumba cha mbele, chini ya dirisha linalopata jua la adhuhuri jua likiwepo. Sikukigusa. Nilitaka kukikuta asubuhi kikiwa na baridi yake yote.

Saa kumi na mbili na nusu nje kulikuwa kweupe kwa ukungu, mti wa mparachichi hauonekani. Nikaanza kwa kuuvua mkanda kwenye gurudumu na kuuacha uning'inie, kwa sababu pedeli nzito yaweza kuwa ni miguu ya meza wala si kichwa. Mkanda ukiwa umevuliwa, pedeli ilicheza kama bembea. Uzito ulikuwa kichwani. Nikalegeza kile kifundo cha katikati ya gurudumu, kile tunacholegeza wakati wa kujaza bobini ya uzi wa chini: gurudumu likazunguka lenyewe bila shida. Kwa hiyo uzito haukuwa kwenye gurudumu, ulikuwa ndani zaidi. Nikakaza tena, nikazungusha kwa mkono. Ilikuwa kama kukoroga ugali unaokaribia kuiva. Nikaachia ghafla na gurudumu likasimama palepale nilipoachia, bila hata robo ya mzunguko.

Nikamulika tochi ya simu kwenye tundu la kutilia mafuta juu ya kichwa. Mahali panapopaswa kung'aa kwa majimaji palikuwa peupe, kama mshumaa uliozimwa. Nikachokoa kwa njiti ya kiberiti. Njiti ikatoka na uji mweupe mgumu, nikaunusa, na nikajua kabla sijauliza.

"Shangazi, hiki unakitia mafuta gani?"

"Ya nazi, mwanangu. Nakamua mwenyewe. Hakijapata kuonja mafuta mengine." Akanyamaza kidogo, akaongeza kama mtu anayekiri: "Ila mwezi uliopita mama wa jirani alinipa ya alizeti. Alisema hayo hayagandi."

Sikumhubiria. Jioni ile nilichukua kisosi kimoja, nikadondosha matone matatu mbalimbali: mafuta ya nazi ya shangazi, alizeti ya jirani, na mafuta ya cherehani niliyokuja nayo kwenye kichupa. Nikakiweka dirishani kando ya cherehani. Asubuhi mjukuu ndiye aliyekiona kwanza. Tone la nazi lilikuwa kifungo cheupe. Ukikiinamisha kisosi halisogei. Mengine mawili yaliteleza. Shangazi akaligusa kifungo kwa kidole, kikayeyuka chini ya kidole chake, akacheka kwa kupumua puani. "Kumbe nimekitia shahamu."

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Tanga mjini joto la chumbani hukaa juu ya hapo karibu mwaka mzima. Hata Julai, upepo wa kusi ukivuma na chupa ikaingia ukungu alfajiri, watu wakishamaliza chai mafuta yamekwisha kuwa maji tena. Ndiyo maana mbinu ile haikuwa ujinga. Kwa kweli mafuta ya nazi ni bora kuliko mafuta mengi ya jikoni kwa kazi hiyo, kwa kuwa hayaharibiki upesi kwa hewa. Lushoto ya Juni ni nchi nyingine. Hapo chuma cheusi kinapata joto la kuyeyusha mafuta kama jua tu limekipiga kupitia kioo cha dirisha. Siku ya ukungu hakuna jua, mafuta yanabaki mshumaa, na kila kiungo cha cherehani kinajisukuma ndani ya nta.

Na kuruka mishono? Ni uleule ugonjwa. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi nyuma yake hutuna ukafanya kitanzi kidogo, na ncha ya ndoana hupita pale kukinasa. Ni tukio la kufumba na kufumbua. Cherehani kikizunguka kwa kukwama na kushtuka, huku mshonaji akikisaidia kwa mkono na kukirudisha nyuma bila kukusudia, na uzi wenyewe ukishikwashikwa na uchafu kwenye njia ya ndoana, kitanzi kinakosa umbo, ndoana inapita patupu.

Alizeti ilikuwa kosa la pili, na mimi naliona baya kuliko la kwanza. Ni kweli hayagandi kwa baridi ile. Lakini mafuta ya alizeti yakikaa mahali kwa utando mwembamba hewani hukauka pole pole, kama rangi ya mafuta inavyokauka mlangoni: kwanza yanakuwa gundi, baadaye vanishi. Jua likiyapiga yanawahi zaidi. Mafuta ya nazi yaliyoganda unayashinda kwa joto. Vanishi haiyeyuki kwa joto la jua, inataka kuondolewa.

Siku ya tatu jua lilitoka, nasi tukatoka nalo. Kichwa cha cherehani tulikichomoa mezani, tukakilaza uani juu ya gunia. Sindano nje, bobini na nyumba yake nje, bamba lililo juu ya meno ya kusukuma kitambaa nje. Kila skrubu iliingia kwenye kifuniko cha ndoo pamoja na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, maana skrubu ya cherehani ikiangukia majanini imekwenda. Saa moja ya jua kali ikafanya chuma kiwe cha moto mkononi. Hapo gurudumu likazunguka laini na mafuta ya zamani yakaanza kuchuruzika yenyewe kutoka matundu ya chini, ya njano kwanza, kisha rangi ya chai ya rangi.

Joto hutoa yale yanayoyeyuka tu. Kwa yaliyobaki tulitumia mafuta ya taa: matone machache kila tundu la mafuta, kila mahali chuma kinaposugua chuma, kisha kuzungusha gurudumu dakika kadhaa, kisha kufuta kwa fulana kuukuu, kisha tena. Tulifanya mara tatu, mpaka kitambaa kikatoka karibu safi. Jiko la mkaa lililokuwa likichemsha maharage lilihamishiwa upande wa pili wa nyumba kabla sijafungua kifuniko cha chupa, na matambara yaliyolowa hayakurudi ndani. Hili silifanyii mzaha. Tena mafuta ya taa yanaosha tu, hayalainishi. Ukiyaacha peke yake ukaanza kushona, vyuma vinasagana vikavu. Vivyo hivyo zile dawa za kopo za kupuliza kutu: zinalegeza, zinakimbia, na cherehani kinabaki kikavu kuliko mwanzo.

Kwenye njia ya ndoana ndiko kulikokuwa na hazina. Vishikizo viwili vidogo vinafunguka kwa kidole, pete inatoka, ndoana inatoka. Ndani kulikuwa na kamba ngumu ya manyoya ya blanketi iliyoshikana na mafuta, nyuzi tatu za rangi tatu, ncha ya sindano iliyovunjika ambayo shangazi aliikumbuka na sare aliyokuwa akiishona siku ile, na kuzunguka ukuta wa njia, utando wa kahawia unaong'aa. Huo ndio alizeti. Mjukuu alitaka kuukwangua kwa kisu nikamzuia. Mkwaruzo mmoja kwenye ndoana au njia yake utakata uzi kila siku kwa maisha yote ya cherehani. Tuliutoa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa na kitambaa cha mafuta ya taa, taratibu, nusu saa nzima. Manyoya yalitoka kwa mswaki mkuukuu. Wengi hupuliza kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na unyevu unaopulizwa kwenye chuma kilichooshwa mafuta ni mbegu ya kutu.

Usiku kilikaa wazi juu ya kitambaa ili harufu ya mafuta ya taa iishe. Asubuhi, kwenye ukungu uleule, nikatia mafuta ya cherehani: tone moja kila tundu, tone moja kwenye njia ya ndoana. Tone. Shangazi alikuwa na mkono wa kumimina, na mafuta yanayozidi hayaendi popote zaidi ya kwenye mfarishi. Tukashona nusu saa kwenye kitambaa cha kutupa mpaka mstari ukaacha kutoka na doa. Nikazungusha gurudumu, nikaachia. Likazunguka mizunguko miwili na nusu likasimama lenyewe.

Mkanda ulibaki na kosa la yule fundi. Tulinunua mwingine wa ngozi, tukaukata kwa kipimo cha zamani, ukafungwa kwa kile kipini chake cha waya. Mkanda uliokazwa mno unaukandamiza mhimili wa gurudumu na kukuongezea uzito ulioutaka upungue. Ukiubonyeza kwa kidole unapaswa kukubali kidogo.

Hapo ningeweza kurudi nyumbani. Lakini tulipouweka mfarishi chini ya mguu wa cherehani, kiliruka tena. Si kila mahali, ni pale tu mishono minne ya viraka inapokutana. Blanketi lilikuwa na kesi yake, kama nilivyosema.

Sindano ya shangazi ilikuwa namba 14, ndiyo 90 kwa kipimo cha pili, yaani unene wa milimita 0.9. Nikaichomoa, nikailaza ule upande bapa wa shina juu ya kioo cha kujitazamia na kuangalia kwa usawa wa jicho uwazi kati ya sindano na kioo. Uwazi ulianza mpana ukaishia mwembamba: imepinda. Nikapitisha ncha yake kwenye ukucha, ikakwaruza. Tuliweka mpya namba 16, yaani 100, nene kidogo ili isiyumbe ndani ya tabaka. Na hapa kuna mtego wa dukani: vyerehani vya nyumbani vya aina hii vinataka sindano yenye shina bapa upande mmoja, pakiti huandikwa HAx1 au 130/705 H. Muuzaji akikosa hukupa DBx1, ya vyerehani vya kiwandani, shina la mviringo, na inaingia vizuri tu ukadhani imekubali. Namna ya kujua inakaa upande gani usipokumbuka: pitisha ukucha kwenye mwili wa sindano, utahisi mfereji mrefu upande mmoja. Uzi unaingilia upande wa mfereji. Na ukishindwa kuuingiza tunduni, lowesha tundu, usilambe uzi.

Sababu ya pili ni kwamba tabaka nene hufuata sindano ikipanda, kitambaa kinanyanyuka, na kitanzi hakitokei. Dawa ni mguu wa cherehani kukandamiza zaidi. Skrubu yake iko juu ya nguzo ya mguu, tulikaza mizunguko miwili. Mshono tukaurefusha ufike milimita tatu hivi. Na kwenye makutano magumu kabisa shangazi alikuwa na mbinu yake mwenyewe: anazungusha gurudumu kwa mkono mishono mitatu minne, baada ya kuichoma sindano kwenye mche wa sabuni mkavu. Nilidhani ni imani, nikaijaribu, sindano ikapenya kwa sauti tofauti kabisa.

Sabuni kwa jumla ndiyo chaki ya nyumba ile. Vile vipande vyembamba vinavyobaki bafuni vikikauka vinachora mstari mwembamba kuliko chaki ya dukani, na mstari unaondoka kwa maji. Kiolezo cha viraka alikikata kwenye kifuniko cha ndoo ya plastiki, kwa sababu boksi la katoni baada ya viraka ishirini limeliwa pembe na kila kiraka kinachofuata ni kidogo kidogo kuliko wenzake. Chini ya miguu ya meza alikuwa amegundisha vipande vya kandambili. Meza haitembei, na walio chumba cha pili wanalala.

Alichokosa ni kipimo cha mshono. Viraka alivikata sentimita 16.2, akaacha milimita sita kila ukingo, lakini alikuwa akizikisia kwa jicho. Tulipoupima uso wa viraka, bila zile milimita sita za kingo za nje, upana ulikuwa sentimita 148 na kidogo, urefu 207 na nusu. Tukakaa na karatasi. Viraka 10 vina mishono 9 kati yake, viraka 14 vina mishono 13. Kila mshono unakula kitambaa pande mbili. Ukizidisha milimita moja tu kila upande, mishono 9 inakula milimita 18, mishono 13 inakula milimita 26. Ndizo hasa zilizopotea. Nikamkatia kipande cha kandambili chembamba, nikakibandika kwa plasta ya kidonda juu ya bamba, milimita sita kutoka sindano, kitambaa kikiteleza kando yake. Kwa mfarishi ule kilikuwa kimechelewa. "Kitanda hakijui hesabu," shangazi akasema, akaendelea.

Kushikiza tabaka tatu tulifanyia sakafuni: shuka limevutwa na kubandikwa kwa selotepu, blanketi juu, viraka juu yake, na pini za kufungia kila upana wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni unayasukuma makunyanzi yote yakutane katikati, nayo hayatoki tena. Mama wa jirani, yule wa alizeti, alikuja kusaidia na akashauri kanga nyekundu zilowekwe chumvi zisichuje. Chumvi haizuii kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi. Kinachosaidia ni kuzifua mara kadhaa kabla ya kuzikata, kisha kukandamiza kitambaa cheupe kibichi juu yake uone kama kinatoka na wekundu. Zilikuwa zimefuliwa miaka mingi, hazikutoa kitu. Sikumwambia neno kuhusu alizeti. Alikuwa ameleta maparachichi.

Blanketi lile linamwaga manyoya. Tulikubaliana kwamba kila bobini inapokwisha, kabla ya kuweka nyingine, mswaki unapita kwenye meno na njia ya ndoana. Bobini ikirudi ndani ya nyumba yake, unaining'iniza kwa uzi na kuitikisa kidogo: ikishuka hatua moja na kusimama, ukazo uko sawa, ikiporomoka imelegea, isiposhuka kabisa imekazwa mno. Mjukuu aliipenda kazi hiyo kuliko zote, na kwa hiyo nilipata nafasi ya kumwombea msamaha rasmi kwa bibi yake. Kile kijigurudumu cha ukazo hakikuwa kimeguswa na mtu.

Nilirudi Tanga Jumapili. Chupa ya mafuta ya nazi shangazi aliihamishia kwenye meza ya kioo, karibu na kitana. Wiki mbili baadaye mjukuu alinisomea kalenda tena kwa simu, bila kuombwa. "Jumatatu, ukungu, kimeshona. Jumanne, ukungu, kimeshona. Jumatano, ukungu na manyunyu, kimeshona. Alhamisi, jua, hakikushona. Bibi alikwenda sokoni."